Kabichi Zenye Mishikio

Mshikio wa ndoo ya bati ukianguka ubavuni mwa ndoo hutoa mlio mmoja mfupi, kla. Nikiusikia mlio huo, popote nilipo, pua yangu hujaa harufu ya seleri na ya udongo uliomwagiwa maji asubuhi. Najua ni ajabu sikio kuleta harufu. Ngoja niwaeleze lilivyojifunza.

Nilikulia Kinanira, kusini mwa Bujumbura, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Ilikuwa miaka ya vita. Mama, mdogo wangu Fiston na mimi tulikuwa tumekimbia nyumba yetu ya kaskazini mwa mji. Baba alikuwa Kigoma akitafuta riziki. Mzee Ramadhani, fundi wa magari, mtu wa Bujumbura tangu babu zake, alitupangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Kando ya vyumba hivyo palikuwa na kipande cha ardhi nyeusi, laini, ambacho mtu yeyote angekitamani. Mama hakupanda pale hata kitunguu. Alipanda kwenye vyombo.

Kabichi hupenda ubaridi, na mji wetu uko chini kando ya ziwa, kwenye joto. Lakini ikifika impeshi, yaani kiangazi chetu, mvua huacha, na usiku upepo hushuka kutoka milimani mpaka watu wanagombania blanketi. Huo ndio wakati wake. Mama alisia mbegu mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha, kwenye sufuria iliyotoboka, na miche ilipofika urefu wa kidole cha mtoto aliihamishia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, ndoo na mabeseni. Seleri alifanya vivyo hivyo. Karoti hazihamishwi, ukizihamisha, kila moja inaota miguu miwili kama suruali, na Fiston alizipenda hivyo hivyo.

Ukitaka kujaribu, toboa chini ya kopo kwa msumari uliopashwa moto. Tandaza vipande vya makaa ili maji yapite na udongo ubaki. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyokauka, na majivu kidogo, kidogo tu. Asubuhi mwagia maji uliyooshea mchele. Jua likipanda, sogeza kivulini. Usiogope. Mimi niliweza wakati sijui hata kufunga kamba za viatu.

Kulikuwa na jambo moja la ziada ambalo sikulikuta kwa mtu mwingine. Kila chombo kilikuwa lazima kiwe na mshikio. Kisichokuwa nao mama alimpelekea Mzee Ramadhani, naye alitoboa pembeni, akatia waya mnene na kuuzungushia mpira wa tairi usikate mkono. Kisha mama aliniita nikinyanyue kikiwa na udongo na maji. Ilikuwa lazima nikibebe hadi kwenye lango na kurudi bila kukitua. Nikikitua, mama alichota udongo kwa kikombe, akautupa, tukaanza upya. Fiston naye alipimwa kwa kopo lake dogo. Beseni kubwa la enameli, lenye masikio mawili, lilikuwa la mama mwenyewe.

Niliona ni huruma, kwamba hataki tuumie mgongo. Lakini huruma hiyo ilinikera. Udongo ukipungua na kabichi hupungua, na mimi nilitaka kabichi kubwa, kama zile zilizokuwa zikishuka kwa malori kutoka milimani kabla barabara haijawa ya hatari. Yangu ilikuwa kama ngumi.

Kila jioni tuliingiza vyombo ndani, tukavipanga karibu na mlango. Asubuhi tulivitoa. Kla, kla, kla. Mzee Ramadhani, akinywa chai yake barazani, hakuchoka kututania kwa kabichi zetu, ambazo yeye aliziita mashu.

"We Mama Aline, mashu unazifuga kama kuku? Asubuhi inje, jioni ndani. Udongo iko hapa, ya bure, mi sikulipishi."

"Asante, Mzee," mama alijibu. "Zimeshazoea."

Nilimwomba mama anipe walau shimo moja, la kabichi yangu tu. Akaniambia nimwagie seleri maji.

Alasiri moja ya impeshi, risasi zilisikika juu ya mlima, karibu kuliko tulivyozoea. Nilikuwa nikianua nguo. Mama hakupiga kelele. Alifunga khanga, akamfunga Fiston sweta, akasema, "Kila mtu na chake." Tukainama, tukashika mishikio.

Barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro, redio, sufuria, na mbuzi mmoja aliyekataa kutembea. Sisi tulishuka na kabichi. Mwanamke aliyekuwa na godoro kichwani alitutazama kwa muda mrefu, akamwambia mwenzake, "Hawa wamekimbia na supu yao." Watu wakacheka, kwenye hofu yote ile, na mama, beseni likiwa kichwani, akacheka pia. Mimi niliona haya. Lakini sikutua kopo langu. Mkono uliujua uzito wake.

Tulifika mtaa wa Mutanga Sud kwa mama mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa imeshajaa watu wengine waliokimbia. Mama hakukaa. Aliomba kisu, akachuma majani ya kabichi yake, karoti za Fiston na seleri yote, akapikia nyumba nzima. Yangu hakuigusa.

Hapo nikakumbuka safari ya kwanza, tulipotoka kaskazini. Tulifika kwa watu mikono mitupu, na mama alikuwa akiosha vyombo vya kila mtu bila kuambiwa, na kwenye sinia alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Safari hii mama mdogo ndiye aliyemvuta mkono: "Dada, kaa, kula, ni chakula yako." Akakaa akala mpaka akashiba. Nilikuwa sijamwona akishiba nyumbani kwa mtu.

Milio ilipotulia tulirudi Kinanira, na vyombo vyetu vikaendelea kutoka na kuingia, impeshi baada ya impeshi. Kabichi yangu haikuwahi kuzidi ngumi, ingawa ngumi yenyewe ilikua.

Kisha ukafika mwaka ambao watu wazima walianza kuongea kwa sauti ya kawaida. Redio ilisema mambo mengi ambayo sikuyafuatilia. Asubuhi moja nilimkuta mama na jembe la kuazima, amechimba mashimo kwenye ile ardhi nyeusi. Mzee Ramadhani alisimama na kikombe chake, safari hii bila utani. Mama alinipa mche. Nilipomaliza kuufukia, alichukua beseni la enameli, akalisugua kwa majivu, akaziba tundu kwa lami aliyopewa na Mzee, akaniambia kuanzia leo ni la kuoshea vyombo. Nililalamika kwamba linanuka udongo. Sikujua naambiwa nini. Leo, nikiwa mama wa watoto wawili, wakati mwingine nanyanyua begi la shule la mwanangu mdogo kupima uzito wake, na ndipo namwona tena mama na kile kikombe, akichota udongo kwenye kopo langu mpaka liwe la njia ninayoweza kuimaliza.

Jioni ile Fiston alitoka kama kawaida kuingiza mboga. Hakukuta mshikio. Akachuchumaa, akaushika mche wangu kwa mikono miwili, tayari kuunyanyua.

"Wacha, baba," mama akamwambia kutoka mlangoni. "Hiyo inalala hapo hapo."