Disketi Iliyokaa Juu ya Spika

Mwishoni mwa miaka ya tisini baba alipunguzwa kazi kwenye shirika la umma, na kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta. Mama, ambaye alitaka cherehani, alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kompyuta ikawekwa chumba cha mbele, pale kwetu Temeke, vijana wa mtaani wakawa wanalipia kucheza gemu la mbio za magari. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya baba, hakuwa na nyingine.

Wiki ya Idd, wateja wakisubiriwa kwa hamu, virusi vikaingia. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta kidogo, basi nikafuta kila kitu na kupakia upya mfumo mzima. Magari yakarudi, ila yakawa bubu. Mchezaji wa kwanza alizunguka mara moja akaondoka, akisema ni kama kucheza na maiti. Ilinikera, lakini hakusema uongo.

Kabla ya kumlaumu mtu nilipima. Spika zilikuwa zile kubwa za redio ya baba. Nikazirudisha kwenye redio, taarabu ikatoka safi. Nikafungua orodha ya vifaa ndani ya kompyuta, na penye sauti nikakuta alama ya kuuliza ya njano. Maana yake mfumo mpya haukuitambua kadi ya sauti. Ulihitaji draiva, ile programu ndogo ya kuvikutanisha viwili hivyo, nayo ilikuja kwenye disketi.

Disketi aliihifadhi mama. Nyumbani kwetu kitu cha thamani kiliwekwa juu ya spika, chini ya kitambaa cha kufuma, na yeye aliilaza hapo kwa heshima zote tangu siku kompyuta ilipoingia. Spika ina sumaku, na sumaku hufuta kilichomo kwenye disketi. Nilipoiingiza, kompyuta ilikoroma kidogo, kisha ikasema haisomeki.

Nilimweleza mama, na sikuwa mpole. Alikaa kwenye kochi taratibu.

"Kwa hiyo mie ndio nimemuulia baba yako kazi," akasema.

Hasira iliniisha hapo hapo, nikamwonea huruma. Baba alichukua bisibisi, akaanza kufungua boksi la kompyuta.

Tulichomoa kadi, nikanakili namba za chipu yake kubwa, nikaenda nazo Kariakoo kwa fundi wa kompyuta. Draiva ya kwanza aliyonipa iligoma. Nikarudi kwake huku nikimtukana kimoyomoyo, akanipa nyingine, na hiyo ikakubali. Tulipozima kompyuta na kuiwasha tena, injini zilinguruma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

Baba akakimbilia kupunguza. Mama alikuwa ameshatoka uani, mikono imejaa unga.

"Acha," akamwambia. "Ongeza. Mtaa wote usikie kwamba uko kazini."

Baba akaongeza.