Karani Anayetafuta Mtu wa Kumpinga

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu, hayajatiwa chumvi hata punje. Anayebisha aende masjala ya halmashauri akafungue faili.

Saa mbili asubuhi, karani wa majina ya barabara amesimama mbele ya ubao wa matangazo, anasoma tangazo aliloliandika mwenyewe. Analisoma kwa mara ya tatu. Leo ni siku ya ishirini na nane, siku ya mwisho ya kupokea pingamizi. Ikigonga saa kumi jioni bila mtu kupinga, ile barabara ya nyumba kumi na moja nyuma ya soko itaitwa rasmi Redio Haizimwi, na fundi wa vibao ataliandika jina hilo kwenye bati.

Redio yenyewe ni mama mkwe wake.

"Nilikuwa natania," anasema, huku akifuta jasho ambalo jua bado halijalileta. "Natania peke yangu, na penseli yangu."

Kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa hii: kuzipima barabara kwa miguu, kukusanya mapendekezo ya wakazi, kuyafikisha kwenye kamati. Amezipatia majina barabara sitini na tatu, na amemaliza jozi ishirini na moja za viatu. Mkewe anasema ni jozi tisa. Tuseme kumi na tano, yaishe.

Barabara ambayo wakazi wake hawajaelewana huiwekea jina la muda kwenye ramani, asije akaichanganya na nyingine. Ipo iliyowahi kuitwa Mbwa Watatu. Ipo Nilipoanguka. Majina hayo huyafuta kabla ramani haijaenda kwa kamati. Safari hii alikuwa na homa, akasahau kufuta.

Kamati ikalipenda. Masharti makubwa ni mawili: jina lisiwe limeshatumika, wala lisiwe la mtu aliye hai. Mwenyekiti akasema Redio Haizimwi lina historia ndani yake. Kisha akamgeukia karani: "Au kuna mtu anaitwa hivyo?"

"Nikajibu simjui," anasimulia. "Ulimi ukawa mzito, kama wa kuazima."

Kanuni hazimruhusu karani kupinga. Lazima apinge mkazi wa barabara hiyohiyo. Ndiyo maana saa tatu anaanza kupiga hodi nyumba ya kwanza, fomu zikiwa kwapani.

Mchomeleaji hasimamishi hata kazi. "Nipinge nini, bosi? Jina tamu hilo. Mteja akishalisikia hapotei."

"Huoni kama ni refu?"

"Refu ni hilo swali lako."

Nyumba ya pili, mshonaji amekwisha kulitarizi kwenye pazia la duka lake. Ya tatu, mama wa mapacha anauliza, "Kwani hiyo redio ni ipi?" Karani anaaga kabla hajakaribishwa. Kufikia saa nane amemaliza nyumba kumi, na shati limemganda mgongoni.

Imebaki moja. Ina lango la bluu, na sauti ya mwenye nyumba inasikika tangu kona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, baba. Mbona unahema kama uliyefukuzwa na nyuki?"

Anakaa kwenye ncha ya kiti. Anaanzia mbali: mambo ya bati, mambo ya mitaro, joto la siku hizi. Mama mkwe anamwacha aseme. Hamkatizi hata mara moja.

"Hiyo fomu," anasema mama mwishowe, "unataka niweke saini wapi?"

"Hapa, mama."

"Na hapa palipoandikwa sababu?"

"Tunaweza kuandika kwamba jina ni refu."

"Mkeo aliniambia siku ya pili tu tangazo lilipobandikwa. Nimekungoja siku ishirini na sita uje uniambie kwa mdomo wako. Haya, shika kalamu."

Karani anaandika anavyosomewa: kwamba Redio Haizimwi ni mtu aliye hai, kwamba jina hilo amepewa na mkwe wake, karani wa halmashauri, na kwamba karani huyo alipoulizwa alisema hamjui.

"Umeruka 'hamjui'," mama anamwambia, kidole kikiwa juu ya mstari. Karani analiandika. Ndipo mama anapotia saini.

Saa kumi kasoro dakika saba, masjala inaigonga fomu muhuri. Kibao hakitaandikwa. Karani anaketi kwenye ngazi za ofisi, lakini mambo hayajaisha, kwa kuwa kila pingamizi husomwa kwa sauti mbele ya kamati na wananchi, na msomaji ni yeye. Kikao ni Alhamisi.

"Natumaini watu watakuwa wachache," anasema. "Nikisoma mbiombio, huenda wasishike kitu."

Mama mkwe alikwisha kumjibu wakati anamsindikiza langoni. "Alhamisi nakaa kiti cha mbele, baba. Ukimung'unya maneno, nitakuambia rudia."