Sweta Jekundu la Sesilia

Nilipokuwa mtoto pale Izia, Sumbawanga, wingu likianza kunguruma hatukusubiri kuambiwa. Kioo kilifunikwa kanga, nguo nyekundu zikafichwa chini ya godoro. Bibi, mzaa mama, aliamini radi hutumwa na watu, na kwamba hupenda wekundu. Mji wetu hutaniwa sana kwa hilo. Nami hucheka, ila si sana.

Mdogo wangu Sesilia alikuwa na miaka saba alipoanguka shuleni. Picha ya kichwa ilionyesha mishipa ya damu imejisokota fundo ndani ya ubongo, nalo limevuja. Likivuja tena, daktari alisema, tunaweza kumpoteza. Lilikuwa mahali pabaya pa kupasua, hivyo angepelekwa India apigwe mionzi palepale kwenye fundo, bila kisu.

Kiswahili kilimpiga Bibi chenga, basi mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kifipa. Neno la mionzi sikuwa nalo. Nikamwambia Sesilia atapigwa radi ndogo, ya hospitali.

"Na nani?" Bibi aliuliza.

"Na madaktari, Bibi. Ni ya kuponya."

"Mama yako amekubali?"

"Amekubali."

Hakubishana. Alifungua begi la safari, akatoa sweta jekundu la shule. "Hili linabaki kwangu. Fundo likiziba, nitamvalisha mwenyewe."

Sesilia alirudi bila hata kovu. Lakini mionzi haina haraka. Mishipa huziba polepole, miaka miwili, mitatu. Miaka yote hiyo, kila wingu liliponguruma, Bibi alikaa juu ya godoro lililoficha sweta, rozari mkono mmoja, mkono wa Sesilia katika mwingine. Nilitaka kumweleza kosa langu. Nikaona aibu, nikasema kesho.

Bibi alifariki mvua zikielekea kuisha. Kiangazi kilekile picha ya mwisho ikaonyesha fundo limeziba lote. Tulilitoa sweta, halikumwingia Sesilia hata mabegani. Mama alilia kuliko alivyolia msibani.

Zamani nilidhani nilimdanganya Bibi. Siku hizi naona alinielewa vizuri mno: mtoto wetu anakwenda kupigwa, nasi kazi yetu ni kumngoja. Natamani angengoja kidogo tu zaidi.

Sesilia sasa ni mwalimu kule Matai. Mvua zikianza hunipigia simu kunitania.

"Dada, sweta umeshalificha?"

"Nimelificha," namjibu, na sitanii. Nimelikalia.