Paille ya Aline

Nilipokuwa mtoto, katika flati yetu ya Albert Park, ugenini kwa Wazulu, mwizi hakutafutwa na polisi. Alitafutwa kwa ufagio. Si ule wa plastiki. Ufagio wa nyasi, wanaouza kina mama wa Kizulu kule sokoni Warwick. Cheka tu. Mimi nina digrii ya isimu na sina kazi, muda wa kukusimulia ninao.

Flati ilikuwa ya Mama Furaha, mwenye saluni, Mkongomani wa Bukavu mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Jina kwenye mkataba lilikuwa lake. Sisi wengine tulikuwa na mapazia. Mimi na mama tuliishi nyuma ya pazia la dirishani. Jikoni alilala Aline, msichana Mrundi aliyesuka wateja saluni. Alikuwa amefika juzijuzi kutoka kijijini, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea. Ilikuwa 2008, mwaka ambao wageni waliwindwa mitaani: mgeni akitolewa nje na begi lake, si aibu tu, anaweza kufa. Hata watoto tulilijua hilo.

Basi hereni ya dhahabu ya Mama Furaha ikapotea.

Baada ya kula jioni akatuita wote. Akachomoa nyasi kwenye ufagio, akazikata kwa mkasi wa saluni, zote urefu mmoja, akatugawia, watoto pia.

"Kila mutu alale na paille yake," akasema. "Ya mwizi itaota usiku. Kesho asubui tutapima. Mungu iko macho!"

Imani hiyo alitoka nayo kwao, akaivusha mipaka yote bila mtu kuiuliza paspoti. Na nyasi isipoota? Hakuna shida: mwizi ataogopa, ataikata mwenyewe, na asubuhi nyasi yake itakuwa fupi. Eish, mtego safi.

Aline alidaka "kila mutu", "kesho" na "Mungu". Neno paille hakulijua. Akamwinamia mama yangu, aliyekulia Bujumbura, akamnong'oneza: "Paille ni nini, mama?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Hata hakumtazama. "Ni umuheha," akasema.

Umuheha ni mrija, ule wa kunywea pombe ya mtama. Kwao Aline, watu waliogombana huketishwa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, wakanyonya pamoja mpaka ugomvi uishe. Mama hakudanganya. Kwa Kifaransa, nyasi kavu ni paille na mrija wa Fanta nao ni paille. Alitafsiri nusu tu, akaendelea na soksi zake.

Asubuhi Aline alitangulia wote. Amenawa, amejipaka mafuta, anatabasamu. Na mezani alikuwa ameshaweka sufuria kubwa, katikati kabisa, ameisugua mpaka inang'aa. Mimi leo naweza kusahau jina la mwalimu wangu wa kwanza, lakini sufuria ile siisahau.

Mama Furaha akazipanga nyasi zetu. Ya Aline ilipungua kiasi cha ukucha.

"Weye. Mbona yako iko fupi?"

"Nimetoboa, Mama. Nimetoa fundo kwa meno. Bila kutoboa haivuti."

"Haivuti nini?"

"Pombe."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Mwizi, tena mulevi!" akapiga kelele Mama Furaha. "Aliona inaota, akaitafuna! Kama mbuzi!"

Aline akamgeukia mama yangu. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka vizuri usoni. "Mama Neema, waambie. Si ulisema umuheha?"

Mimi nikafungua mdomo. "Mama ali..." Kucha za mama zikaingia mkononi mwangu. Kisha akajibu polepole, kila mtu asikie: "Mimi Kirundi cha kijijini sikijui."

Begi la Aline lilitupwa kwenye ngazi kabla chai haijachemka. Nilimwona kutoka dirishani, amesimama kwenye robot, taa za barabarani. Ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Hakuvuka. Nani angemwambia ng'ambo kuna nini? Sikumwona tena, na kwetu hakuna aliyemtafuta.

Jumapili hereni ikadondoka kutoka kwenye kilemba cha Mama Furaha mwenyewe, mle kanisani. Unadhani aliona haya? Alipanda mbele kutoa ushuhuda: "Nilifukuza mwizi mu nyumba yangu, na Mungu akanirudishia!" Watu wakasema amina. Ya mama yangu ilisikika kuliko zote.

Chuoni nilifundishwa kwamba straw ya Kiingereza, yaani paille hiyohiyo, ni ndugu ya neno la kutandaza: majani yanayomwagwa sakafuni, asiye na kitanda apate pa kulala. Mfaransa akifilisika anasema yuko sur la paille, juu ya nyasi kavu. Nilipata distinction. Sasa napata email zinazoanza na "Unfortunately", na ninalala nyuma ya pazia la mama, sharp, poa kabisa.

Juzi nilimuuliza: kwa nini hukusema?

Alikuwa anafagia. Hakusimama.

"Ulitaka tulale wapi?"

Maana zote za neno lile mama alizijua, bila chuo. Alichagua ile ya kulalia.