Majina Manane Katika Duara

Siku ya kwanza walipokutana, Sabidio na Filero walibishana nusu asubuhi juu ya gombo moja tupu. Sabidio alikuwa muuza vitabu hapo Roma. Naye aliwahi kuuzwa sokoni, akajikomboa kwa jasho lake, na bei za dukani mwake hazikushuka ovyo. Filero alikuwa mtumwa, mwandishi wa seneta mzee Kelsino aliyekuwa akitunga kitabu kuhusu uhuru na uadilifu.

"Limetobolewa na nondo hili," Filero alisema. "Bwana wangu hajaandika neno, mdudu keshasoma!"

Sabidio akacheka. Akapunguza bei.

Kwa miaka tisa Filero alinakili vitabu, Sabidio akaviuza. Kisha seneta akashikwa na kifua, na Filero akaja dukani mbio.

"Bwana anaandika wosia. Anataka kutuacha huru wote wanane."

"Wanane? Sheria inaruhusu nusu tu, ndugu yangu, wale wanne wa kwanza kuandikwa. Akikuuliza aanze na nani, jitaje."

"Na Drosi je? Kampikia miaka thelathini."

"Drosi ana mdomo wake. Wewe jitaje!"

Seneta alimwuliza kweli, kalamu mkononi. Filero akawatazama wenzake saba waliosimama ukutani.

"Tuandike kwa duara, bwana. Asiwepo wa kwanza wala wa mwisho."

Mzee akatokwa na machozi. Hayo hasa ndiyo aliyokuwa akiyatungia kitabu. Akayapanga majina kama watu waliozunguka meza, mashahidi saba wakapiga mihuri yao. Wiki haikuisha, akafa.

Hakimu aliugeuza wosia huku na huku. Majina yakiwa katika duara, alisema, wa kwanza hajulikani. Na asipojulikana wa kwanza, sheria haimwachi huru hata mmoja.

Drosi mpishi akamgeukia Filero. "Haya, mwenye haki! Hiyo haki yako tutaila na nini?"

Mpwa wa marehemu, aliyemrithi, aliwapeleka wote mnadani. Alikuwa na haraka, na Sabidio aliiona haraka hiyo. Akampata Filero kwa bei ya mchota maji.

"Nilikwambia," alisema njiani.

"Uliniambia."

"Ungejitaja sasa?"

"Ningemtaja Drosi."

Habari za duara zilienea mjini, na watu wakakigombea kitabu cha seneta. Filero alikinakili mchana kutwa, sura ya uhuru mara arobaini na zaidi. Kila mwaka Sabidio aliwaza kumwacha huru, kisha akautazama ule mwandiko ulionyooka, akasema mwakani.

Majira ya baridi ya sita Filero alifia kwenye kiti chake, akiwa bado mtumwa. Drosi alinunuliwa na watu wa mbali, hakusikika tena. Sabidio alipanua duka, milango ikawa miwili, akanunua waandishi watatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyethubutu kubishana naye.