Karanga za Wageni

Ulikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nasema uongo. Mvua zilikuja mwaka uliofuata. Huu ni mwaka daraja lilipokuwa bado zima, maana nililivuka na vyombo vyangu vya kuzibia sufuria, nikitembea kijiji kwa kijiji.

Kwenye kituo cha afya palikuwa na mwanamke waliyemwita Mwalimu wa Mboga. Aliwakusanya kina mama uani, mafiga matatu na chungu, akawafundisha kupika kama bibi zao: maji ya kunde yasimwagwe, karanga zitwangwe, dagaa wasagwe watiwe kwenye uji wa mtoto.

"Mnapenda unga kwa sababu ni mweupe tu," aliwatania. "Hata chokaa nyeupe, mbona hamli?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Siku moja akaniita kwake nizibe sufuria. Ndipo nikaona. Mumewe alifanya kazi mbali, na jiko lilikuwa la mama mkwe, ufunguo wa ghala kaufunga kwenye pindo la nguo. Mwalimu alikaa kizingitini, haruhusiwi hata kufunua chungu, kampakata mwanawe aliyekonda, nywele zimepauka. Mtoto alikunywa uji mweupe.

"Mama, nimtilie karanga kidogo?"

"Ukiwa na jiko lako, mwanangu, tia hata mawe. Baba yake nilimkuza kwa uji huuhuu."

Mganga hajigangi, jamani. Nikamnong'oneza, "Si uondoke?"

"Niende wapi, fundi? Nikitoka, natoka peke yangu. Mtoto, watu wa mume wangu wanasema ni wa kwao."

Basi akabuni hila. Somo akalihamishia uani kwa mkwewe. Kina mama wakaja, nami nipo pembeni na kazi yangu, wakamsifu bibi hadi akafungua ghala mwenyewe, akashika mwiko mwenyewe. Mtoto akala, akaongezwa, akalala tumbo kama ngoma. Mwalimu alinitazama kama mfungwa aliyesikia komeo likilegea.

Kesho yake nikarudisha sufuria niliyokwenda kuimalizia. Nikakuta uji mweupe, na ufunguo uko palepale penye pindo.

"Bibi, na karanga?"

"Zile za wageni, fundi. Huyu si wa nyumbani?"

Mwalimu akazidi kumnywesha mtoto. Nikaitua sufuria, nikauliza, bibi akageukia moto wake, na nimeshauliza nyumba nyingi tangu hapo: kiumbe aliyekuja duniani juzi, hajui hata mlango uko wapi, huyo naye si mgeni?