Barua za Waziri na Barua ya Baba

Chuo ninachofundisha Nizwa kiliniomba nitafsiri kwa Kiarabu barua za kikazi walizoandikiana marais wa mwanzo wa Marekani na waziri wao mmoja. Kila Ijumaa nilikuwa nikenda Ibra kwa baba yangu, nikazichukua huko. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, lakini alikuwa amefanya kazi wizarani Maskati miaka mingi, akimshauri waziri na kumwandikia barua zake. Nilimsomea kwa Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo Unguja, naye akinisahihisha adabu ya maneno.

"Hapo usitie 'nataka'," aliniambia. "Mtu wa chini hataki. Huomba."

Alizipenda barua zile. Rais anauliza rai, waziri anajibu kurasa sita, rais anachukua nusu na kushukuru kwa zote. "Na kwetu ndivyo hivyo hivyo," akasema, akacheka.

Ijumaa moja nikafika kwenye barua ambayo waziri anaomba kuacha kazi arudi kwa ahali yake. Rais alimjibu kwa upole. Alimshukuru sana, kisha akamsihi angoje kidogo. Baba akaweka kikombe chini.

"Nisomee tena."

Nikasoma.

"Mama yako alipolazwa, niliandika kama hiyo," akasema. "Nikajibiwa kama hivyo. Ningoje mkutano wa mawaziri upite."

"Hukutwambia, Baba."

"Ningelisema nini? Nilingoja. Siku aliyokufa nilikuwa Maskati, natafuta neno zuri la kumalizia hotuba ya mtu mwengine."

Sisi watoto tulijua tu kwamba alichelewa maziko. Aliyemshika mama mkono mpaka mwisho ni dada yake, mamkubwa wangu wa Sur. Tangu siku ile mamkubwa hakusema na baba. Hata kwenye harusi yangu alikuja, akanibusu, akaondoka kabla baba hajafika.

Baba akanambia nishike kalamu. "Mwandikie mamkubwa wako. Kwa Kiswahili. Kiarabu changu chote nimewaandikia wakubwa."

Alianza kama yuko wizarani, kwa salamu ndefu na heshima nyingi. Nilipomsomea akakunja uso. "Futa." Tukafuta mara nne. Iliyobaki ilikuwa mistari mitatu: kwamba aliomba ruhusa, kwamba hakupewa, na kwamba ilimpasa aondoke bila ya ruhusa. Akatia saini kwa kupapasa, jina likapanda juu ya maneno.

Kesho yake nikaipeleka Sur mwenyewe.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hajambo?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikampa barua. Aliisoma amesimama pale pale mlangoni, akarudia, kisha akaikunja.

"Miaka yote hii nikidhani kazi ilikuwa tamu kwake kuliko ndugu yangu," akasema.

"Utakuja kumwona?"

"N'takuja. Niache siku chache moyo utulie."

Siku ya nne baba akapatwa na kiharusi. Mamkubwa alimkuta hospitali, hasemi, upande wa kulia umekufa ganzi. Akavuta kiti, akakaa upande ule wa pili.

"Shemegi, barua yako nimeipata," akamwambia. "Na mimi nilikuona vibaya. Nisamehe."

Baba alikuwa akimtazama, machozi yakimtoka. Muuguzi alishatwambia kwamba maradhi yale huyatoa machozi yenyewe. Mamkubwa akamfuta kwa pembe ya mtandio wake. Alikuja siku tisa, kila asubuhi, akimlainisha midomo kwa maji na kumhadithia habari za mama walipokuwa wasichana. Siku ya kumi baba alifariki.

Matangani, wageni walipopungua, mamkubwa alinisogelea.

"Unadhani alinisikia?"

"Alikusikia, mamkubwa," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akaendelea kukusanya vikombe vya kahawa. Mimi mwenyewe mpaka leo sijui.